Udongo Mchafu wa Bi Mwatima

Mama mdogo wangu, Bi Mwatima binti Mkubwa, alikuwa msafi mpaka usafi ukawa karaha. Nalisema hili kwa mapenzi, na yeye mwenyewe angelisikia angelicheka, kisha angeniambia nikaifue kanga niliyovaa. Ukienda kwake Kiembe Samaki ukavua viatu mlangoni, ulikuwa ukitoka unavikuta vimepanguswa. Kuku wa jirani walikuwa wakifika kwenye mpaka wa uwanja wake wakageuza, kwani walikwisha kujua kuwa hapo hapana hata punje ya kudonoa.

Kazi yake nayo ilikuwa hiyo hiyo. Tangu usichana alifagia katika nyumba moja kubwa ya Shangani, nyumba ya tajiri mmoja mwenye wana wengi na wageni wasiokwisha. Alifagia ua, ngazi, ukumbi na roshani, na akimaliza roshani, uani pamekwisha chafuka tena, akarudi kuanza upya. Siku alizotaka kupumzika aliambiwa bado hapa, bado pale. Yeye akiitika "Naam" na kuinama. Hakuwahi kulalamika mbele yao, lakini akirudi nyumbani alikuwa akilalamika kwa niaba ya siku nzima, na sisi ndio tuliosikiliza.

Yalipokuja Mapinduzi mwaka wa sitini na nne, watu wa nyumba ile walihamia Dar es Salaam, na mama mdogo akabaki na fagio lake la chelewa za makuti bila ya pa kufagia. Mume alikuwa naye kwa jina tu. Mzee Makungu alikuwa amevuka kwenda Tanga miaka mingi nyuma, akasema anakwenda kutazama biashara ya kamba za mkonge, na nadhani alikuwa bado anaitazama. Hakurudi, hakutuma kitu, wala hakumpa talaka. Mama mdogo kila mwezi akisema atakwenda kwa kadhi akaombe kuachwa, na kila mwezi akikuta kuna jambo la kufagia kwanza.

Basi serikali ilipoanza kuwagawia watu mashamba, eka tatu tatu, na yeye akapata zake. Wenzake walipata huko Bububu na Mtoni, mashamba yenye minazi na mikarafuu imesimama, mtu anakabidhiwa leo na kesho anakula dafu. Wanasema mchagua nazi hupata koroma, lakini huyu maskini hata kuchagua hakuchagua. Alipewa hapo hapo karibu na kwake, na alipofikishwa mpakani akaona weupe mtupu. Zamani katapila lilikwangua pale udongo wote kupata kifusi cha kujazia barabara, likaacha jiwe la matumbawe lililo uchi na vumbi lake jeupe. Mvua ikinyesha, maji yalipita juu yakaenda zake. Hata magugu yalikuwa hayapataki.

Nilitaraji atalia. Yeye alisimama katikati, akazunguka akitazama pande zote, akaniuliza, "Tabia, mwanangu, hapa pote pangu?"

"Pote pako, mama mdogo."

"Mpaka pale?"

"Mpaka pale kwenye mnazi wa Bwana Masoud."

Akafunga kibwebwe akaanza kufagia. Wallahi. Eka tatu za jiwe! Watu walikuwa wakishuka kwenye baiskeli kuja kutazama, na Bwana Masoud, jirani yetu, fundi wa baiskeli aliyepewa shamba la pembeni lenye minazi, alikaa chini ya mnazi wake mpaka adhuhuri akicheka peke yake.

Lakini eka hazikutolewa ziwe mapambo. Bwana Borafya, mwenyekiti wa kamati ya mashamba ya pale kwetu, alikuja akamwambia kwa upole kuwa sharti apande, na alichopanda kisimame. Asipoweza, eka zitapewa mwengine mwenye nguvu zaidi. Mama mdogo akatia muhogo. Muhogo ukatoa majani matatu ukajuta. Akatia kunde, zikaungua. Mwaka wa pili Bwana Borafya akaja tena, safari hii kwa upole mdogo zaidi, akamwambia atampa masika moja ya mwisho mwakani. Kamati ikija baada ya hapo ikakuta jiwe, basi.

Usiku ule hakula. "Nimefagia nyumba za watu umri wangu wote," akaniambia, "nimepata pangu, na pangu pananikataa." Moyo uliniuma sana, kwani mama mdogo hakuwa mtu wa kusema maneno kama hayo.

Ndipo akaja Bwana Usi, bwana misitu, kijana mpole mwenye miwani, aliyesomea miti huko Arusha. Akaligusa jiwe, akakuna kichwa, akasema hapa patashika mivinje. Mvinje mti mvumilivu, unakubali chumvi na jiwe, na ukishasimama, kivuli chake kinaita miti mingine. Akaleta miche, na pamoja na miche akaleta mapakacha ya udongo aliouchota chini ya mivinje ya zamani kule Mtoni. Akasema kila shimo litiwe udongo huu kidogo, na juu yake patandazwe majani. Kwa nini, hakusema. Alikuwa na haraka, na pengine alidhani kila mtu anajua.

Mama mdogo alipofungua pakacha aliruka nyuma. Udongo ule ulikuwa mweusi, unanuka kama kitambaa kilichosahauliwa ndani ya maji, umejaa majani yaliyooza na nyuzi nyeupe nyembamba zimetambaa kila mahali. "Lahaula!" akasema. "Udongo umeota ukungu! Kijana wa watu kaletewa taka naye hajui." Na kwa kuwa usafi ni sehemu ya imani, akauchekecha kwa chekeche, akautupa ule uchafu wote jaani, akauanika udongo uliobaki juani juu ya jamvi, kisha, kwa kuwa moyo wake bado haukutulia, akaumwagia maji yanayochemka. Miche yenyewe aliiosha mizizi mpaka ikang'aa. Majani aliyoambiwa atandaze aliyatandaza asubuhi, na jioni akayafagia, maana hakuweza kulala na majani nje.

Miche ikawa ya njano, kisha ya kahawia, kisha ikawa vijiti. Bwana Usi alikuja akashangaa. "Ule udongo uliutia, bibi?"

"Nimeutia wote," akasema mama mdogo, na kweli aliutia.

"Majani je?"

"Nimetandaza." Na kweli alitandaza.

Kijana akachukua mche mkavu, akautazama mizizi, akatikisa kichwa. Mwanzo wa masika ya mwaka wa sitini na nane, ndiyo masika ya mwisho aliyopewa, akaja tena na miche mipya na mapakacha mengine, na safari hii alikaa barazani akaeleza, kwani alikwisha kuona kuwa kuna kitu hakikufahamika.

"Bibi," akasema, "nilipokuwa Arusha walitupandisha Kilimanjaro mpaka kwenye barafu."

"Barafu za kuweka samaki?"

"Hizo hizo, lakini mlima mzima. Na barafu ile kila mwaka inarudi nyuma kidogo, inaacha jiwe tupu, jiwe ambalo halijaona jua tangu dunia iumbwe. Hapana udongo, hapana jani. Sasa unafikiri nani anafika mwanzo pale?"

"Malaika," akasema mama mdogo.

Bwana Usi akacheka. "Baada ya malaika. Wanafika kuvu, bibi. Mbegu zao ni ndogo kuliko vumbi, zinaletwa na upepo, nyingine zinakuja na wadudu, nyingine kwenye kinyesi cha wanyama. Zinaangukia baina ya mawe, zinatoa nyuzi. Nyuzi zinakwenda pasipokwenda mzizi, zinanyonya umande, zinalila jiwe kidogo kidogo, zinaushika mchanga usipeperuke. Ukija mche mmoja ukabahatika, zile nyuzi zinaushika mzizi wake, zinaupa maji na chumvichumvi ya jiwe, na mche unazilipa kwa sukari inayopikwa kwenye majani. Hapo ndipo unapoanza msitu. Na pale kwako ni vivyo hivyo, ila wewe huna miaka mia ya kungoja upepo. Ndiyo maana nakuletea kuvu kwenye pakacha."

Mama mdogo aliitikia kwa heshima kila baada ya maneno mawili. Alimpa chai na mkate wa ufuta, akamsindikiza mpaka njiani. Kisha akarudi ndani amefura.

"Umemsikia, Tabia? Kuvu! Analeta kuvu kwenye pakacha, na anasema kwa kinywa chake! Mtoto mzuri vile, kusoma kumemharibu." Akatazama mapakacha. "Huu tutauchemsha mara mbili."

Na angeuchemsha. Maji yalikwisha bandikwa jikoni. Lakini kabla hayajatoka povu tukasikia hodi, na akaingia mtu aliyeshuka bandarini asubuhi ile kutoka Tanga. Akasema poleni. Mzee Makungu amefariki jana, na amezikwa.

Mama mdogo alikaa kitako. Akasema "Inna lillahi," akaniangalia mimi, akaangalia mapakacha, akaangalia mawingu meusi ya masika yaliyokuwa yakipanda. Nikaona hasira inampanda taratibu kama maji yale jikoni.

"Makungu," akasema, "hata kufa umenifia vibaya."

Maana alikuwa mkewe kwa sheria, na mke aliyefiwa anakaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba yake, hatoki kutembea, hajipambi, hakutani na wanaume wasiokuwa maharimu wake. Miezi ile ilikuwa masika yote, na kamati ilikuwa ije mara tu eda inapokwisha. Mume aliyemwacha bila kumwacha alikuwa sasa amemfungia ndani, na miche inangoja nje kwenye makopo.

Tukashauriana. Mimi nilikuwa na cherehani yangu na nguo za watu, na ilibidi nikae naye. Ndugu wa kiume hatuna. Alikuwapo Bwana Masoud tu, na Bwana Masoud alijitolea kwa moyo mkunjufu, kwani kuahidi hakukumchosha kamwe. Alikuja akasimama nje ya dirisha, amegeuza uso barabarani kwa adabu, na mama mdogo akakaa ndani, nyuma ya pazia, akitoa amri kupitia kwangu, kwa sababu haikuwa vizuri azungumze naye.

"Tabia, mwambie Masoud udongo auchekeche."

Nikavuta pumzi nimwambie. "Nshasikia," akasema Masoud.

"Mwambie hakuambiwa yeye, nnakwambia wewe."

"Bwana Masoud, udongo uuchekeche," nikasema.

"Nshasikia, Bi Tabia."

"Mwambie auanike, kisha auchemshie maji mara mbili, mizizi aioshe, ndipo apande. Na kila alfajiri pafagiliwe. Mwambie kila alfajiri!"

"Mwambie," akasema Masoud kwa sauti ya asali, "asitie shaka hata kidogo. Nitafagia mpaka jiwe lione haya."

Na kila jioni alikuja dirishani kutoa habari. Nshapanda. Nshafagia. Leo nimefagia mara mbili. Leo nimefagia mpaka chini ya jiwe. Mvua zikipiga mpaka hatusikilizani, na yeye anapaza sauti kutoka chini ya mwavuli, "Nshafagiaaa!" Mama mdogo alikuwa akitulia kidogo, kisha ananiuliza kwa kunong'ona, "Unamwamini?" Nami nikimwambia kuwa mtu akisema uongo kila siku kwenye mvua ile, basi angalau miguu yake ni mikweli.

Nyumba nayo ilipata tabu. Mtu aliyezoea eka tatu sasa alikuwa na vyumba viwili. Alifagia chumba changu nikiwa nimelala ndani yake. Alikisugua kinu mpaka kikabadilika rangi. Cherehani yangu aliifuta mafuta yote, ikawa inalia kama mtoto, nikapeleka nguo za Maulidi za watu zimechelewa.

Kisha siku moja akaja kumtazama Bi Wanu, anayekaa njia ya uwanja wa ndege, mwanamke mwema sana ambaye hajapata kuingia mahali bila habari mbaya. Alikunywa kahawa, akasema pole, akasema tena pole. Akaweka kikombe chini. "Na shambani kwako nimepita, shoga yangu. Mbona pamekuwa vile?"

"Vipi?"

"Pachafu! Majani tele, yameoza. Uyoga umeota. Nikajua huyu sasa ameshakata tamaa, basi."

Sijui kama mnaielewa habari ile ilivyomfika. Bi Wanu alipoondoka tu, mama mdogo akasimama, akachukua buibui lake msumarini, akalivaa, akachukua fagio. Sikumzuia. Nilimwambia hata hivyo ninavyoona mimi: kuwa mume mwenyewe alimtupa, hakumlisha, hakumvisha, na hakuna mtu Kiembe Samaki mzima atakayemlaumu akitoka saa moja akafagia shamba lake asilipoteze.

Alifika mlangoni. Mkono uko kwenye komeo. Mvua ilikuwa imesita, na kutoka pale tungeweza kusikia kengele ya baiskeli ya Masoud huko njiani. Alisimama muda mrefu, kisha akaliegemeza fagio ukutani.

"Eda si ya Makungu," akasema mwishoni. "Ingekuwa ya Makungu ningelikwisha toka zamani. Ni ya Mungu." Akalivua buibui, akalitundika, akaingia chumbani akalia. Mimi nami nikalia juu ya cherehani, kwani nilijua analitoa shamba lake akijua anachokifanya, na kwamba hatapewa jengine.

Jioni ile Masoud alipokuja dirishani, mama mdogo hakungoja kupitia kwangu. "Masoud! Bi Wanu kasema pachafu!"

"Bi Wanu," ikajibu sauti kutoka nje, "macho yake mabovu siku nyingi."

Eda ikaisha siku ya Jumatano, na kamati ilikuwa ije Alkhamisi. Alioga, akavaa kanga mpya, akafukiza udi, akatoka nje akikunja macho kwa jua. Alibeba fagio chini ya kwapa, na mimi nilimfuata nikisoma kila dua niliyoijua. Tulipopita mnazi wa Masoud akasimama, nami nikamgonga mgongoni.

Mivinje ilikuwa imesimama. Haikuwa yote, lakini ilikuwa mingi, kijani kibichi, mingine yamfika mtu kiunoni, inachezacheza kwa upepo kana kwamba haijui kuwa iliwahi kutiliwa shaka. Chini yake palikuwa pachafu kupita alivyosema Bi Wanu. Makuti, majani ya mwembe, magome, yote yamelowana yakaoza yakashikana, na hapa na pale vichwa vya uyoga vya kahawia vimechomoza. Lile jiwe jeupe halikuonekana tena kuzunguka miche.

Bwana Masoud alikuwapo, amesimama na kofia mkononi, tayari kwa lolote. Alipoona fagio, akarudi hatua nyuma.

"Masoud," akasema mama mdogo, "hukufagia."

"Sikufagia, Bi Mwatima."

"Hata siku moja?"

"Siku ya mwanzo nilikusudia."

"Na udongo? Uliuchemsha?"

"Bi Mwatima, yakhe, kuni zimelowa, masika yale! Mimi mwenyewe chai ya pili sinywi kwa kuona uvivu wa kuwasha moto, nitauchemshia udongo? Niliumwaga kama ulivyo, na nyuzinyuzi zake. Bwana Usi aliniambia nitandaze majani, nikatandaza, nikaenda zangu. Nilikuwa nikija kutazama tu, halafu nakuja kwako kusema nimefagia, ili upate usingizi."

Nilingoja fagio limshukie. Yeye aliinama. Akalifunua jani moja kwa ncha za vidole, kwa kinyaa, kisha la chini yake, kisha akaingiza mkono. Akaona zile nyuzi nyeupe, zimetoka kwenye majani, zimeingia kwenye nyufa za jiwe, na nyingine zimeuvaa mzizi wa mvinje kama soksi. Alijaribu kuubandua mmoja kwa ukucha, akaacha. Vumbi la jiwe lililokuwa likipeperuka siku zote lilikuwa limeshikwa, likawa bonge laini jeusi, na alipolifinya mkononi lilitoa maji, katika kipupwe, siku ambayo kila mahali pengine palikuwa pakavu.

"Wageni wa Bwana Usi," akasema polepole. "Wamefika." Akanitazama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyegundua kuwa alikuwa akiwafukuza wageni kwa maji ya moto. "Tabia, mie ndiye niliyekuwa nikiiua."

"Hukujua, mama mdogo."

"Niliambiwa!" Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu. "Uvivu wako, Masoud, Mungu ameutia baraka. Lakini usijisifu kwa watu."

Alijisifu kwa watu kutwa nzima, na mpaka leo hajaacha.

Asubuhi yake kamati ikaja, na Bwana Usi pamoja nao akifuta miwani yake kila hatua kwa furaha. Bwana Borafya alitembea mpaka mwisho wa mistari, akagusa miche, akautikisa mmoja ili aone kama umeshika, ukamkatalia. Akarudi anatabasamu. Nilijua kuwa shamba limepona.

"Mashallah, Bi Mwatima," akasema. "Mimi nilikuja kulichukua, sikufichi. Sasa nnataka wakubwa waje waone kesho. Ila hapa chini!" Akaupiga uyoga teke kidogo kwa ncha ya kiatu. "Wewe tunayekujua kwa usafi, wakubwa waje wakute jaa? Vijana, shikeni fagio hilo, pafagiliwe pote, liondolewe hilo taka lote."

Lilikuwa agizo la mtu anayekusudia wema. Mtu mmoja wa kamati akalichukua fagio la mama mdogo alilokuwa ameliegemeza kwenye jiwe, akainama. Bwana Usi akafungua mdomo aseme, lakini mama mdogo alikwisha fika. Alisimama baina ya fagio na mti, kanga imemdondoka begani, mikono ameitanua.

"Hapafagiliwi."

Bwana Borafya alidhani hakusikia vizuri. "Tunakusaidia, bibi. Wageni wanakuja."

"Wageni washakuja, wamo humo chini. Hapafagiliwi hapa, si leo, si kesho, hata aje nani."

"Amri ya nani hiyo?" akauliza Bwana Borafya, na hakuuliza kwa ubaya. Hakuwa amezoea kukatazwa na mtu, na kwa kweli mama mdogo naye hakuwa amezoea kukataza. Umri wake wote watu walimwambia pafagiliwe wapi, naye akaitika. Nilidhani ataitika tena.

"Yangu," akasema. "Hapa pangu."

Watu wakatazamana. Masoud peke yake akasema "Naam!" kwa sauti kubwa, kama kwamba ameitwa. Bwana Borafya akaitazama mivinje, akamtazama yule mwanamke na ile mikono, na kicheko kikamtoka, kicheko kizuri cha mtu aliyeshindwa kwa haki.

"Rejesha fagio," akamwambia mwenzake. "Mwenye shamba kakataa. Jamani, pitieni pembeni, msikanyage."

Wakapita pembeni mmoja mmoja, wakijikunja wasiguse majani. Mama mdogo akalipokea fagio, akakaa kitako pale pale kwenye ule uchafu na kanga yake mpya, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na tulipotaka kumwinua alitukatalia.